Njooni Munitukane

Mapasa wa Adolphine, watoto wawili wa tumbo moja, walikuwa na siku kumi na mbili duniani, na bado hapana mtu aliyekuja kumtukana mama yao.

Wageni walikuja, tena wengi. Bamama wa foyer ya paroisse, chama cha kina mama wa parokia, walifika wawili wawili tangu asubuhi, wamevaa vitambaa vya siku ya Mungu, vile vya Misa, wamejipaka mafuta mpaka visigino. Walibisha mlango. Walipangusa miguu. Waliketi kwenye viti vya Dominique, bwana wa Adolphine, magoti yamebanana, kama watu wanaongoja kupigwa picha, kisha wakapongeza mmoja baada ya mwingine:

« Proficiat, mama présidente. »

Mmoja akatazama dari. Mwingine akasema baridi ya mwaka huu imeanza mapema. Ndege ya ONU, ya Umoja wa Mataifa, ikapita juu ya nyumba za reli ikienda kushuka kiwanja cha Luano, mabati yakatetemeka, watoto wakalia, na wageni wakapata sababu ya kuinuka. Kila mmoja aliacha vipande viwili vya sabuni juu ya meza, maana mapasa hupewa vitu viwili viwili, akatoka kinyumenyume kidogo, kama anayetoka mbele ya Sakramenti.

Pembeni, juu ya mkeka, mama mkwe wa Adolphine alikuwa amekaa na wajukuu mapajani, mmoja huku, mmoja kule. Aliitwa Albertine. Alikuwa ametoka Kilwa ya Katanga, kule ziwani, siku nne ndani ya kamyo, lori ya samaki, barrière kwa barrière, kila kizuizi askari wakimwaga mzigo wake chini na kumwambia aukusanye. Alifika Lubumbashi akinuka samaki na hasira. Yote yale aliyavumilia kwa sababu moja tu: aone mapasa wa mtoto wake wakiimbwa.

Maana kwao, na kwa kina Adolphine pia, na kwa watu wengi wa Katanga, mwanamke akizaa mapasa hapongezwi. Anatukanwa. Majirani wanajipaka usoni pemba, ule udongo mweupe, wanabeba sufuria na majembe ya kugonga, wanasimama uwanjani na kumwimbia yeye na bwana wake maneno ambayo siku nyingine yangefika kwa juge, kortini. Wanaimba miguu yao, wanaimba kitanda chao, hawabakizi kitu. Amefanya jambo lililopita kipimo, basi wanamvuta chini, akae tena pamoja na wengine, na watoto wake wajue wamepokelewa na watu. Mama mapasa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, wanasema, watoto watashikwa na homa. Lakini tangu siku hiyo naye anaweza kumtukana yeyote, mkubwa kwa mdogo, bila kesi.

« Bantu ba huku bana bugonjwa gani? » Albertine aliuliza wageni wa mwisho walipotoka. « Sabuni makumi ine. Unafikiri bajukuu yangu ni nguo ya kufua? Nani ataimba? »

« Bataimba, mama. »

« Lini? Wakati bajukuu bataota ndevu? »

Adolphine alijua sababu. Sababu ilikuwa ndani ya kabati, chini ya mashuka, nayo ilikuwa kaye ya bleu, daftari la foyer.

Kaye hiyo ilikuwa ya Mademoiselle, mzungu aliyefundisha bamama kwenye foyer kusuka soksi, kuchemsha maji na kupima watoto kwenye balance. Mwezi wa saba wa mwaka wa uhuru, Mademoiselle alipanda gari mchana mmoja na valizi moja na paka wake, akaacha balance, sindano na kaye. Siku chache baadaye Katanga ikawa nchi peke yake, ikapata bendera yake na timbre zake za barua, na foyer nayo ikapata présidente wake. Hapana mtu aliyepiga kura. Adolphine alichukua kaye kwa sababu yeye ndiye alikuwa karibu nayo.

Mademoiselle aliandika kilo za watoto tu. Adolphine aliongeza mistari. Usafi wa nyumba, alama juu ya kumi. Kunyonyesha, juu ya kumi. Misa. Namna ya kumjibu bwana. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba bila kusema siku, akipitisha kidole juu ya mlango, akikitazama kile kidole muda mrefu, halafu akiandika. Ngalula, mwanamke wa Kasai aliyeuza vitambaa sokoni, alipata tatu juu ya kumi, kwa sababu alimwachia dada yake mtoto wa miezi mitano na chupa ya maziwa. Mado, mwenye mashine ya kushona na miaka thelathini na miwili, bila bwana, bila mtoto, na bila haya ya kusema kwamba hataki, aliandikwa mstari mtupu. Adolphine hakujua pale utapima nini.

Na Germaine wa nyumba ya tatu. Mwaka uliopita Germaine alizaa mapasa wa kike. Bamama walikuwa wamefika na sufuria zao. Adolphine akasimama kwenye kiingilio cha uwanja, kaye kwapani, rozari mkononi, akasema mon père, yaani padri, amekataza upagani ule, na jina la kila atakayefungua kinywa litafika sakristia. Sufuria zikarudi nyumbani. Germaine alikuwa amekwisha kupaka pemba. Akanawa uso.

Tangu siku hiyo bamama walikuwa wamefundishika. Sasa walikuwa wanamwonyesha mwalimu wao jinsi walivyofundishika.

Jambo lenyewe lilikuwa na mizizi. Kwa miaka kumi na mitatu Adolphine alikuwa na mtoto mmoja tu, Stanislas. Mmoja, katika nyumba za reli, ambako mwanamke mwenye wanne alihesabiwa kama anayeanza. Kwenye bomba la maji walikuwa wakimwuliza: « Na bengine bako wapi? » kana kwamba aliwasahau ndani ya treni. Wengine walisema alifunga tumbo kwa dawa ili abaki na kiuno. Alilia machozi mengi mbele ya Bikira Maria, wa sanamu ya plastre na wa mbinguni. Lakini tangu aliposhika kaye hapana aliyemwuliza tena. Wote walikuwa na kazi ya kupangusa milango yao.

Jioni ile Dominique alirudi kutoka reli, grisi mpaka masikio. Albertine hakumwacha hata avue viatu.

« Kamyo ya samaki inarudia Kilwa siku ya posho, asubuhi. Kama mpaka pale hakuna muntu ameimba, nabeba bajukuu yangu. Kule tuko na bantu banajua kutukana. »

« Mama! » Adolphine aliruka. « Bana siku kumi na mbili! Siku ine mu njia, na ile baridi, na basoda ku kila barrière! Banakula maziwa! »

« Basi maziwa ifuate. »

Adolphine alimgeukia bwana wake. Dominique alikuwa mtu ambaye mara moja alisimamisha wagon iliyokatika, peke yake, kwa breki ya mkono, na wakubwa walimpa karatasi ya pongezi. Mbele ya mama yake alitazama viatu.

« Mama ni mama, » alisema.

« Na miye ni nini? »

« Na weye ni mama, » Dominique alijibu kwa huzuni. « Ile njo matata yangu. »

Siku ya posho ni Jumamosi; zilibaki siku tatu.

Kesho yake Adolphine alijifunga kitambaa kichwani akatoka. Kaye ilisema mzazi asitoke kabla ya wiki tatu, na mwandiko ulikuwa wake. Alipita karibu na ukuta, upesi upesi, mpaka sakristia.

Abbé Anaclet, ndiye mon père mwenyewe, alikuwa akisoma gazeti na kula karanga.

« Monsieur l'abbé, nakuja kuomba ruhusa. Ya matusi. »

« Unataka kutukana nani? »

« Miye. Bamama banitukane miye. Juu ya mapasa. Mwaka iliyopita ulikataza. »

Abbé aliweka gazeti chini. « Miye nilikataza? Nilisema basiimbe ndani ya kanisa, siku ya batizo, mbele ya Monseigneur, askofu mwenyewe. Baliimba habari ya suruali, Adolphine. Mbele ya Monseigneur. » Alikohoa. « Uwanja ni uwanja. Mama yangu alizaa mapasa mara mbili. Ile bantu baliimba juu ya baba yangu... » Akaanza kucheka, akakumbuka mahali alipo, akachukua karanga nyingine. « Lakini nani alifikisha ile sheria mpaka kwa Germaine? »

Adolphine alimtazama Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa kwenye kona akingoja kupakwa rangi upya.

« Ni présidente. »

« Basi enda uone ule présidente, » abbé alisema, akarudia gazeti lake.

Alitoka hapo akaenda soko. Ngalula alikuwa amesimama nyuma ya vitambaa vyake, bega moja juu ya jingine, akipima mita kwa mkono wake mrefu na kudanganya kidogo tu, kiasi cha kiganja.

« Ngalula, mukwetu. »

« Eeh! » Ngalula aliita majirani wa meza zote mbili kwa macho. « Leo miye ni mukwetu. Ile siku nilikuwa tatu juu ya kumi. »

« Nakuomba uje unitukane. »

« Miye? Tatu itukane kumi? Apana, mama présidente, ni kukosa heshima. Shiye tumesoma. Nitakuletea tena sabuni mbili. »

« Ngalula, nakupigia magoti. Mama mukwe anataka kubeba batoto Kilwa. »

Ngalula alikunja kitambaa polepole. Alipoongea tena sauti ilikuwa chini.

« Sikia. Miye Mukasai, siko Mukatanga. Huu mwaka banatuangalia mubaya hata tukinyamaza. Sasa nisimame mu uwanja ya Mukatanga, nimutukane na bwana yake na kitanda yake, na askari anapita mu barabara? Nitamwambia ni furaha? »

« Nitasimama mbele yako. »

« Utasimama mbele yangu. » Ngalula alimpima kama anavyopima kitambaa. « Ile chupa ya mutoto, ile uliandika. Bwana yangu balimufukuza ku kazi juu ni Mukasai. Nani alete bunga? Ningebakia mu nyumba na ziwa, tungekula ziwa? Ulijua? »

« Sikujua. »

« Ungejua namna gani. Mu kaye hakukuwa mustari ya ile. »

Jirani wa mkono wa kushoto, muuza ndagala, alisema « aah! » na kupiga paja. Adolphine alisikia masikio yakiwaka.

« Enda kwa Germaine, » Ngalula alisema. « Germaine akiimba, bote tutaimba. Germaine akikataa, hata inzi haitaimba kwako. »

Adolphine alijua tangu jana kwamba angefika kwa Germaine. Ndiyo maana alianza kwa abbé, halafu soko, ambalo liko mbali.

Germaine alikuwa uwanjani akitwanga. Mapasa wake, walioitwa Kyungu na Kabange kama mapasa wote wa kwao, walikuwa wakitambaa kwenye mkeka, na Mado alikuwa amepiga magoti akiwapima rinda, pini mdomoni. Adolphine alisema maneno yake akiwa amesimama, kwa maana hapana aliyemwambia akae. Mchi uliendelea kushuka. Alipomaliza, mchi ukasimama.

« Ulileta sabuni? » Germaine aliuliza.

« Apana. »

« Angalau ile. » Alipangusa mikono. « Mama présidente, miye nakueleza kitu. Kila wakati bale batoto banakohoa, bwana yangu Alexis anasema: ni juu habakuimbwa. Kabange aliteleza, alipasuka mudomo: ni juu habakuimbwa. Mama yangu aliandika barua ya kuuliza: baliimba? Nilijibu: ndiyo, mama, baliimba mpaka jua ikalala. Nilidanganya mama yangu mwenye alinizaa. Nikaenda kuungama ile uongo, na ku confessionnal nani alikuwa nyuma yangu? Weye! Unahesabu dakika! »

Adolphine alikumbuka. Zilikuwa dakika kumi na moja. Alikuwa amefikiri mambo mabaya sana juu ya Germaine, na hata alikuwa amemtaja mtu, fundi wa baiskeli, moyoni mwake.

« Unisamehe, » alisema.

« Nimesamehe. Ni Mungu anataka. Lakini kuimba, apana. » Germaine alishika mchi tena. Halafu akauweka chini. « Ama basi. Anza na bangu. Kesho, saa tisa, hapa, mbele ya bote. Imba batoto yangu kwanza. Weye mwenyewe. »

« Miye sijui kuimba matusi! »

« Wapi! » Mado alisema, pini zikamtoka mdomoni. « Unatutukana tangu mwaka muzima. Ilikosa ngoma tu. »

Kesho yake, saa tisa, uwanja wa Germaine ulijaa. Hawakuja kuimba, walikuja kutazama. Kutoka nyumba zote za reli, na wengine kutoka mtaa wa mbali wa Kampemba waliokuwa wamesikia tu sokoni, walipanga mstari kando ya ukuta, mikono imekunjwa, na hakuna hata mmoja aliyebeba sufuria. Sufuria moja tu ilikuwepo, nayo ilikuwa ya Adolphine. Alikuwa amejipaka pemba, lakini kwa usafi, duara mbili ndogo mashavuni, kama mihuri.

Alifanya ishara ya msalaba. Aligonga sufuria kwa kijiko mara tatu. Akaimba:

« Germaine, ee, Germaine, nyumba yako ni chafu... »

Germaine alitazama miguu yake.

« Ulichelewesha batizo, ee, wiki tano muzima... »

Mama mmoja alikohoa. Kitoto kikauliza kwa sauti kama mtu amekufa, maana wimbo ulikuwa umechukua njia ya ule wa maziko.

« Ile ni rapport, » Mado alisema. « Haiko wimbo. »

« Mulisema nitukane! »

« Mama, » Ngalula alisema kutoka nyuma, alikokuwa amesimama akiangalia barabara kwa jicho moja. « Utusi ya mapasa inachafua bote. Mwenye kuimba na mwenye kuimbiwa. Angalia weye: unabakia safi. Germaine peke yake njo anachafuka. »

Adolphine alibaki na kijiko hewani. Alitafuta kichwani. Alikuwa na mambo ya kila mwanamke aliyekuwa kwenye ukuta ule, mwaka mzima wa mambo, yamepangwa kwa mistari, na hata moja halikufaa. Yote yalikuwa ya kusemwa mtu akiwa hayupo.

Ndipo mwili ukamsaliti. Ilikuwa saa ya kunyonyesha. Nyumba ya tatu kutoka pale mapasa wake, waliobaki na Albertine, wakaanza kulia, wote wawili, wakasikika juu ya kuta, na maziwa ya Adolphine yakasikia pia. Yalitoka. Duara mbili zikatokea kwenye blauzi nyeupe ya présidente, zikakua, zikateremka mpaka kwenye mkanda. Aliweka sufuria mbele ya kifua. Sufuria ilitosha upande mmoja.

Bamama waliona. Walibana midomo. Mwaka mzima wa adabu ulikuwa unafanya kazi pale.

Adolphine alijitazama chini. Akaona hakuna tena kitu cha kuficha, na sufuria akaigonga kwa nguvu, akaimba kwa sauti ambayo haikuwa ya kanisa:

« Muniangalie miye, ee! Bomba ya reli imepasuka!
Inamwaga huku, inamwaga kule, mukubwa wa stesheni amekimbia!
Lakini yako, Germaine, ee, ilimwaga mwaka muzima,
Alexis anaamka asubuhi, anafikiri ni mvula! »

Kilichofuata hakikuwa kicheko cha kawaida. Germaine alikaa chini, juu ya kinu kilichopinduka, akashika tumbo. Mama mmoja alilazimika kushikilia ukuta. Mado alikuwa ameruka tayari katikati, akanyakua sufuria mikononi mwa Adolphine, akageuza mistari ile kuwa kiitikio, na bamama wakaitika, na wale waliokuja na mikono mitupu walikimbia nyumbani kuleta vifuniko. Wakamwimba Germaine mpaka jasho. Wakamwimba Alexis mwenyewe, aliyekuwa anaingia kutoka kazini na baiskeli, akageuza baiskeli pale pale, akatoka, na wimbo ukamfuata mpaka kwenye kona. Kyungu na Kabange walipakwa pemba hadi kwenye masikio. Germaine alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akapangusa pua kwa kitambaa cha Adolphine bila kuomba.

« Sasa, » alisema, « bale bengine banalia. Twende. »

Wakatoka wote, msafara mzima, sufuria mbele. Kwenye barabara askari wawili walisimama, bunduki mabegani. Ngalula akasita. Adolphine, pemba imemmwagika usoni, blauzi imelowa, akampita, akasimama mbele yake kama alivyosema, na kwa kuwa sasa alikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu yeyote jambo lolote, akawaambia wale askari neno moja juu ya suruali zao za kaki na namna zilivyowakaa nyuma. Mmoja alifungua kinywa.

« Ni mapasa! » bamama wakapiga kelele.

« Aah, mapasa, » askari alisema, akacheka, akajitazama nyuma. Alikuwa na mama naye.

Uwanjani kwake walimweka juu ya kiti, mtoto mmoja kila ziwa, asiweze kukimbia, na hapo ndipo alipojua kwamba walikuwa wameweka akiba. Waliimba mwendo wake. Waliimba rozari yake, ndefu kama kamba ya kisima. Ngalula, sasa bila kutazama barabara, aliimba kile kidole:

« Kidole ya présidente ilipita milango yote, ee!
Mchana inatafuta vumbi. Na jioni, Dominique?
Sema, Dominique, jioni inatafuta nini? »

Dominique, aliyekuwa mlangoni, aligundua kazi ya haraka nyuma ya nyumba. Wakamrudisha kwa mkono. Albertine alikuwa akizunguka katikati yao, uso mweupe wote, akipiga vigelegele na kusahihisha maneno yale yaliyokuwa mapole mno.

Kisha Germaine akainua mkono, na sufuria zikanyamaza ili asikike.

« Treni ya Dominique, ee, ililala mu gare,
Miaka kumi na tatu, ee, inapiga tu filimbi!
Tuliuliza ku bomba ya maji: wagon iko wapi?
Tuliuliza, ee, tuliuliza... »

Hapa hapana aliyeitika. Kila mmoja alijua wimbo umekanyaga wapi. Adolphine alisikia joto likipanda kutoka tumboni, lile lile la zamani, la foleni ya maji, ndoo mkononi na mtoto mmoja tu nyuma. Alimtazama Germaine. Germaine hakutazama kando. Alikuwa mmoja wa waliouliza, na sasa alikuwa anaisema mbele yake, na pemba inamchuruzika, na mapasa wake wenyewe wawili wanalala mgongoni na kiunoni. Albertine alisimama katikati ya hatua, mguu mmoja juu. Kama mama mapasa angekasirika, yote yalikuwa bure, na kamyo inaondoka asubuhi.

Adolphine alivuta pumzi, watoto wakapanda na kushuka pamoja na kifua.

« Treni ilikuwa muzima, ee! » aliimba. « Ni machiniste, dereva yake, alikuwa analala!
Nilimuamsha na chumvi, nilimuamsha na pilipili,
Kuamka aliamka, ee, akafunga wagon mbili kwa haya! »

Kelele iliyotoka uwanjani ilisikika mpaka paroisse, na wanasema abbé Anaclet alifunga dirisha, halafu akalifungua. Dominique alifunika uso kwa kasketi, kofia yake ya kazi. Germaine alikuja mpaka kwenye kiti, akamwegemea Adolphine, na wote wawili walitetemeka kwa kicheko, maziwa, pemba na watoto wanne, mpaka Mado akasema watengane kabla hawajachanganya mapasa.

Jua lilipoanza kushuka bamama walitawanyika, kwa sababu ya couvre-feu, amri ya kutotembea usiku. Uwanja ulibaki na vijiti na vifuniko vilivyopindika. Adolphine aliingia ndani, sauti imekwisha, na moyoni anamshukuru Mungu na watakatifu wake kwa majina. Alimkuta Albertine mbele ya kabati. Furushi lake, lililokuwa limefungwa tangu siku tatu, lilikuwa wazi, na vitambaa vyake vilikuwa vinapangwa kwenye kabati la Adolphine, rafu ya juu.

« Mama, kamyo inatoka asubuhi, » Adolphine alisema kwa upole.

« Iende. Hapa kuko bantu. Balinitukania mutoto muzuri sana, hata ku Kilwa habatukanake vile. » Albertine alisukuma mashuka ya Adolphine pembeni ili apate nafasi. « Nitabakia mpaka mwezi wa kumi na moja. Tena nitakufundisha kushika batoto bawili. Nakuangalia tangu wiki moja: unabashika kama mikate. Na ule maji ya kuoga, ni baridi. Na juu ya mlango huku... » Akapitisha kidole, akakitazama muda mrefu. « Hm. »

Dominique, aliyekuwa anavua viatu, aliona uso wa mke wake. Akavirudisha viatu mguuni, akatoka taratibu.

Adolphine aliweka watoto kitandani, mmoja kisha mwingine. Alisafisha koo. Hakuwa na sauti nyingi iliyobaki, lakini ilitosha, na ruhusa ilikuwa mpya kabisa, siku ya kwanza.

« Mama mukwe yangu, ee, » alianza, akigonga kabati kwa ngumi, « anatoka Kilwa na samaki, na hatujui bado nani kati yao ananuka... »

Albertine aligeuka, kidole bado juu. Macho yalimtoka. Halafu akaanza kuzungusha mabega, polepole, kwa mdundo wa kabati.

« Njo vile! » alisema. « Endelea! »